Uzi: Maembe huiva mvua ikinyesha, sisi wa Lubumbashi tunayahifadhije?

Mama wa Katuba ameandika:

Ndugu zangu wa Lubumbashi na wa kwingineko, nafungua uzi huu mapema, kabla embe la kwanza halijaanguka juu ya bati usiku na kutuamsha sote, kwa sababu kila mwaka maswali haya huulizwa katikati ya Desemba, wakati nusu ya mavuno imekwisha kuoza.

Kwetu Katuba tuna miembe miwili, mpera mmoja, mlimau, na bustani nyuma ya jiko ambayo haizidi hatua kumi na tano kwa nane. Kwa miaka mingi Desemba ilipita kwa namna ileile: wiki ya kwanza watoto hugombania maembe, wiki ya pili huchagua, wiki ya tatu hakuna anayeinama kuokota, na wiki ya nne ua wote hunuka pombe, nzi wakiwa ndio wenye nyumba. Kisha Februari inafika, mvua imekwisha kuiua minyanya kwa ukungu, bei imepanda, nami ninakwenda soko la Kenya, mtaa wa hapahapa Lubumbashi, kununua nyanya za kopo, pamoja na konfitiri, yaani jemu, ya matunda ambayo sijawahi kuyaona yakiwa juu ya mti.

Jambo lililonichelewesha kuelewa ni kalenda. Mapishi tuliyofundishwa shuleni yalitoka Ulaya, ambako matunda huiva katika miezi ya joto, na jua linaloyaivisha ndilo hilohilo linaloyakausha. Kwetu mvua huanza karibu Novemba na kuendelea hadi Machi au Aprili, na miembe huivisha humohumo ndani ya mvua, Novemba hadi Januari. Kuanzia Mei hadi Septemba hainyeshi, hewa inakauka hadi midomo inapasuka, lakini wakati huo mwembe una majani na maua tu. Matunda yanapokuwapo jua halipo, na jua linapokuwapo matunda hayapo. Mwaka wa kwanza nililazimisha: nilipanga vipande vya embe kwenye lungo juu ya paa, jua likawaka kwa saa mbili, radi ikapiga, nikapanda ngazi mara nne kwa siku moja, na siku ya tatu vipande vilikuwa vimeota manyoya ya kijivu.

Tangu hapo nimeigawa kazi ya mwaka mara mbili. Matunda ya mvua ninayahifadhi kwa moto, sukari, chumvi na siki, ile tunayoiita vinegri. Mboga na nyanya za kiangazi, zile tunazozimwagilia kuanzia Mei, ninazikausha. Hayo ndiyo ninayotaka kuyaeleza, nanyi mtanisahihisha.

Nianze na kuchuma, kwa kuwa konfitiri nyingi huharibikia juu ya mti. Embe la kuhifadhi halisubiriwi lianguke, maana likianguka limekwisha kupasuka ndani hata kama ngozi ni nzima. Ninaliangalia mabega: embe changa lina mabega yaliyoinama kutoka kwenye kikonyo, na embe lililokomaa mabega yake yamejaa na kuinuka hata kukipita kikonyo chenyewe, ingawa ngozi bado ni ya kijani. Ninalichuma kwa mti mrefu wenye ndoano na kifuko cha gunia, nikiliachia kikonyo cha urefu wa kidole gumba. Nikifika chini ndipo ninapokikata kikonyo na kuliinamisha embe juu ya fito mbili, utomvu utiririke ardhini kwa muda wa saa moja hivi, kwa sababu utomvu ule ukigusa ngozi ya embe huichoma na kuacha mistari myeusi ambayo huwa mlango wa kuoza. Huchoma ngozi ya binadamu pia, na mwanangu wa pili alitembea na midomo iliyovimba kwa siku tatu.

Baada ya hapo maembe hukaa ndani ya chumba chenye hewa, yametandazwa bila kupandana, siku nne hadi saba hivi. Msiyatie kwenye friji yakiwa mabichi, kwa kuwa embe likikaa chini ya nyuzi 13 hivi huumia kwa baridi, likawa na madoa na kukataa kuiva vizuri hata mkilitoa.

Yaliyoanguka na yenye mabuu hayabaki chini ya mti. Yule inzi wa matunda aliyetoka Asia, ambaye aligunduliwa Afrika kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 2003 na kuenea upesi katika bara, hutaga ndani ya embe, na mabuu yake hushuka kwenye udongo ili yageuke kuwa inzi wapya. Ninayafukia kwa kina cha mkono hadi kiwiko, au ninayafunga ndani ya mfuko mweusi wa plastiki na kuuacha juani, jua likijitokeza.

Sasa konfitiri. Ndugu yangu aliniletea kipimajoto cha jikoni, nami nikafuata karatasi iliyosema sukari iive hadi nyuzi 105. Nilikaa mbele ya mbabula, lile jiko la makaa, nikikitazama kile kipimajoto: nyuzi 100, 101, 102, kisha kikagoma. Nikaongeza makala, ndiyo makaa. Kilipofika 105 sufuria lilikuwa limegeuka rangi ya kahawa, mwiko ulisimama wenyewe, na kilo nne za embe zikawa pipi ngumu ambayo watoto waliivunja kwa jiwe. Kosa halikuwa la kipimajoto. Karatasi ile iliandikwa kwa ajili ya watu wanaoishi usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwa nyuzi 100. Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, na hapa maji huchemka kwa takriban nyuzi 96. Konfitiri hushika inapozidi kiwango cha maji kuchemka kwa nyuzi nne au tano hivi, kwa hiyo kwetu hushika karibu nyuzi 100. Mwenye kipimajoto na akipime kwanza katika maji yanayochemka nyumbani kwake, aongeze nne na nusu, na hiyo ndiyo namba yake.

Siku hizi kipimajoto kimelala kabatini. Ninaweka kisahani juu ya maji ya mtungi kipoe, ninadondosha tone la konfitiri, ninahesabu hadi sitini, kisha ninalisukuma kwa ncha ya kidole. Tone likikunjamana kama ngozi ya maziwa, ninaondoa sufuria motoni. Vipimo vyangu ni kilo moja ya nyama ya embe kwa gramu 700 za sukari na maji ya malimau mawili. Limau halitiwi kwa ajili ya ladha peke yake: embe likiiva sana ukali wake hupungua, na bila ukali konfitiri haishiki wala haidumu.

Mabokali, yaani chupa pana za kioo, ninayaosha na kuyachemsha, ninayajaza konfitiri ikiwa ya moto hadi nafasi ya nusu kidole kutoka mdomoni, ninafuta mdomo wa chupa, ninafunga, kisha ninayarudisha ndani ya sufuria kubwa lenye kitambaa chini, maji yakiyafunika kwa vidole viwili, yachemke dakika kumi. Kwa watu wa pwani dakika tano zinatosha. Sisi tunaongeza kwa sababu maji yetu yanayochemka si ya moto kama yao.

Nitarudi jioni kuandika juu ya nyanya.

Papa wa Kamalondo ameandika:

Kwa heshima zote, Mama, maelezo yako ni mazuri, lakini ninaomba hesabu. Sukari inanunuliwa, makala yananunuliwa, na saa tatu mbele ya mbabula nazo ni kitu. Mimi ninatia maembe yaliyomenywa ndani ya mifuko, ninayagandisha, na kazi imekwisha kwa nusu saa.

Mama wa Katuba ameandika:

Papa, swali lako ni la haki, na nitalijibu bila kujitetea. Kugandisha ni njia bora kuliko zote kwa ladha na kwa rangi, ikiwa umeme upo. Katika mtaa wetu umeme huweza kukatika siku mbili, na embe lililoyeyuka likagandishwa tena huwa uji. Nikiwa na uhakika wa umeme ningefanya kama wewe.

Kuhusu fedha, konfitiri ya embe inanilipa, kwa kuwa matunda ni ya bure na malimau ni ya bure. Nyanya za kwenye mabokali, kusema kweli, hazinilipi kila mwaka. Makala yanayotumika kuchemsha bokali moja peke yake yanazidi thamani ya nyanya zilizomo. Ndiyo maana tunaungana nyumba tatu, sufuria moja kubwa, mabokali kumi na mawili kwa moto mmoja. Kukausha, kwa upande wake, hakuna gharama isipokuwa macho ya kuwaangalia kuku.

Sasa nyanya. Ninazipanda ili zikomae kuanzia Julai hadi Septemba, kabla ya mvua. Nyanya ya kukausha ninaichuma ikiwa nyekundu kote lakini bado ngumu, asubuhi, umande ukishakauka. Ninaipasua mara mbili kwa urefu, ninakamua mbegu zilizo na maji mengi, ninanyunyiza chumvi kidogo upande wa ndani, kisha ninazipanga zikiwa zimeangalia juu kwenye wavu wa plastiki uliokazwa juu ya fremu ya mbao, na kuzifunika kwa kipande cha chandarua. Fremu hukaa juu ya matofali, ili hewa ipite chini. Usiku ninaziingiza ndani, kwa kuwa baridi ya Julai huleta umande unaozirudisha nyuma. Baada ya siku nne au tano hukunjika kama ngozi ya mkanda bila kutoa maji. Agosti na Septemba kuna adui mwingine, masizi ya nyasi zinazochomwa porini, ambayo hupepea hadi mjini na kutua kama manyoya meusi, na bila chandarua mtakula moshi.

Nyanya za bokali ni jambo linalohitaji uangalifu zaidi, nami ningependa muuguzi wetu aliyeko humu aliseme, kwa kuwa mimi ni mpishi tu.

Muuguzi wa Kampemba ameandika:

Asante, Mama, kwa kuniachia nafasi hii. Nitaieleza taratibu kwa sababu ndipo watu wanapoumia.

Kuna kijidudu cha udongoni ambacho mbegu zake haziuawi na maji yanayochemka, hata usawa wa bahari. Kikifungiwa ndani ya chupa isiyo na hewa, pamoja na chakula kisicho na ukali wa kutosha, huamka na kutengeneza sumu inayoitwa botulini. Sumu hiyo hulegeza misuli: kope hushuka, macho huona vitu viwiliviwili, kumeza kunakuwa kugumu, na mwishowe pumzi hukatika. Mara nyingi dalili huanza saa 12 hadi 36 baada ya kula. Chupa inaweza isivimbe wala isinuke, kwa hiyo kuonja kidogo ili kuhakikisha ndiyo njia mbaya kuliko zote.

Ukali wa chakula hupimwa kwa kipimo cha pH, na mpaka wa usalama ni 4.6. Kilicho chini ya mpaka huo, yaani kikali zaidi, kijidudu hakiwezi kuamka ndani yake. Konfitiri, malimau, marakuja (pasheni) na kachumbari ya siki viko chini. Maharage mabichi, sombe (kisamvu), lenga-lenga (mchicha), karoti na mahindi viko juu kabisa, na hivyo haviingii katika bokali la kuchemshwa, hata mkichemsha kutwa nzima. Vinahitaji chombo maalumu cha mvuke wa kanieneo kinachofikia nyuzi 116 hadi 121, na sufuria la kawaida la mvuke la kupikia maharage halichukui nafasi ya chombo hicho.

Nyanya imesimama juu ya mpaka wenyewe: nyingine iko chini, nyingine, hasa iliyoiva kupita kiasi, imeuvuka. Ndiyo maana kila bokali la nusu lita hutiwa kijiko kimoja cha mezani cha maji ya limau, na la lita moja vijiko viwili. Mama, hapa ninakusahihisha kwa upendo: limau la uani kwako ukali wake hubadilika kutoka tunda hadi tunda, kwa hiyo kwa nyanya ni afadhali maji ya limau ya chupa kutoka dukani, au asidi ya sitriki, nusu kijiko cha chai kwa lita. Nyanya zilizopondwa na kuchemshwa kwanza, zikijazwa moto, huchemshwa ndani ya mabokali dakika 45 kwa nusu lita na dakika 55 kwa lita, katika miinuko ya kati ya mita 900 na 1,800, ambamo Lubumbashi imo. Hesabu huanza maji yanaporudi kuchemka, si wakati mabokali yanapoingia.

Msitie vitunguu, pilipili tamu wala nyama ndani ya bokali la nyanya kwa kuwaza kwamba mnatengeneza mchuzi ulio tayari. Vitu hivyo huondoa ukali uliohesabiwa. Na kitunguu saumu kilichozamishwa katika mafuta na kuachwa kabatini ni hatari ileile ya chupa isiyo na hewa.

Mama wa Kilobelobe ameandika:

Mimi ni mkulima wa mboga, nimezaliwa kwenye matuta, na ningependa kuzungumzia majani, kwa kuwa naona uzi umejaa matunda.

Matembele, lenga-lenga, majani ya kunde na majani ya maboga yote hukauka vizuri, lakini watu wengi huyaanika juani moja kwa moja yakiwa mabichi, yanakuwa na rangi ya nyasi kavu, kisha wanalaumu mboga. Nguvu iliyomo katika majani ya kijani, ile inayotufaa kwa macho, huharibiwa na jua kali. Mimi ninayachuma asubuhi, ninachagua yale laini ya ncha, ninayaosha, ninayatumbukiza katika maji yanayochemka kwa dakika mbili hadi yalegee na rangi yake ing'ae, ninayatoa na kuyaweka katika maji baridi, ninayakamua, kisha ninayatandaza kivulini mahali penye upepo, chini ya baraza la nyasi. Mwezi wa Julai siku mbili au tatu zinatosha. Jani likivunjika mkononi kwa sauti, limekauka. Likikunjika kimya, lirudi kwenye lungo.

Baada ya hapo ninayatia ndani ya bidoni, yaani dumu, lililokauka kabisa, na kwa wiki nzima ninalifungua kila asubuhi. Nikiona umande ndani ya ukuta wa bidoni, yote yanatoka tena. Wiki hiyo moja ndiyo inayotenganisha mboga ya Januari na ukungu wa Januari. Tukiyapika tunayaloweka, tunayachemsha, tunatia unga wa karanga na chumvi, na bukari, ndiyo ugali, inakwenda yenyewe.

Kuna jambo ninalotaka lisikike. Mji wetu umeishi kwa shaba: uyeyushaji ulianza hapa mwaka 1911, na kwa miaka mingi sana moshi wa tanuri ulikuwa ukiangukia upande uleule unakovuma upepo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamepima udongo wa upande huo na kukuta madini ya shaba, risasi na kadimi. Vumbi lililo juu ya jani huoshwa, na ninaosha mara tatu hadi maji yatoke safi. Lakini kilichopita kwenye mizizi hakioshwi. Tena fikirini: beseni kumi za majani mabichi zikikauka huwa beseni moja, kwa hiyo kila kilichokuwamo, kizuri na kibaya, kimekusanyika pamoja. Mwenye bustani katika udongo wa namna hiyo ni afadhali apande miti ya matunda, kwa kuwa kwa kawaida tunda hubeba madini hayo kidogo kuliko jani, na mboga za majani azilime katika magunia au matuta ya udongo ulioletwa kutoka mbali.

Mwana wa Bukavu ameandika:

Salamu kutoka Bukavu. Nimesoma habari ya kipimajoto huku nikicheka, kwa sababu hata mimi nimewahi kuvunja mwiko. Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya bahari na nyumba zetu zinapanda mlima kutoka hapo, kwa hiyo maji yetu huchemka kwa nyuzi 95 au chini kidogo. Dakika alizotaja Muuguzi zinatufaa hadi mita 1,800. Wanaoishi juu zaidi waongeze dakika tano.

Sisi mvua hutuandama tangu Septemba hadi Mei, na kiangazi chetu ni miezi mitatu tu, hivyo kukausha ni bahati nasibu. Kinachotuokoa ni pruni, lile tunda jekundu lenye umbo la yai ambalo huzaa kwenye mti mfupi wenye majani mapana. Ngozi yake ni chungu, wala msiipike. Ninayamwagia maji yanayochemka dakika moja, ngozi inatoka kama soksi. Yana ukali wake mwenyewe na yanashika vizuri kuwa konfitiri, na rangi yake haihitaji msaada wa mtu.

Mkulima wa Goma ameandika:

Huku tuna kabichi kupita kiasi. Ninaikata nyembamba, ninapima gramu 20 hadi 25 za chumvi kwa kila kilo, ninaikanda hadi itoe maji yake, ninaishindilia katika ndoo ya plastiki ya chakula, sahani juu yake na chupa ya maji juu ya sahani ili kabichi isitoke nje ya maji. Wiki tatu au nne katika hewa yetu ya baridi inakuwa na uchachu mzuri. Haihitaji makala wala umeme. Msipunguze chumvi kwa kuihurumia. Hiyo ndiyo inayowafukuza wabaya na kuwaachia kazi walio wema.

Mwokaji wa Ruashi ameandika:

Mama wa Katuba, nina neno dogo la kukupinga. Umesema embe halikauki katika mvua. Halikauki juani, hilo nakubali. Mimi nina tanuri la matofali la mikate. Tunamaliza kuoka saa nne usiku, moto unatolewa, na matofali yanabaki na joto hadi alfajiri. Desemba iliyopita, mke wangu alikata maembe vipande vya unene wa nusu ya kidole kidogo, akavichovya katika maji ya limau, akavipanga kwenye trei zenye nyavu. Tulisubiri hadi nikaweza kuingiza mkono tanurini na kuhesabu hadi kumi na tano bila kuutoa, tukaingiza trei na kuuacha mlango wazi kwa upana wa tofali moja ili mvuke utoke. Mara ya kwanza tuliingiza mapema, vipande vikashika ngozi ngumu nje na maji yakabaki ndani. Hivyo viliota ukungu baada ya wiki mbili. Mara ya pili tulivumilia joto lishuke, na usiku mbili zikatosha. Kilo kumi za maembe mazima zilitupatia kilo moja na kidogo ya vipande vikavu. Vilikwisha kabla ya Pasaka, kwa hiyo siwezi kuwaambia kama vingefika Agosti.

Kijana wa Ruashi ameandika:

Shikamoo, akina mama. Nimeelewa kwamba sombe haiingii kwenye bokali. Lakini kama mtu amekwisha kufanya hivyo, na chupa ziko kabatini tangu mwezi uliopita, anaweza kuzichemsha tena vizuri kabla ya kula? Ninauliza kwa niaba ya mtu mwingine.

Muuguzi wa Kampemba ameandika:

Marahaba, mwanangu, na mwambie huyo mtu mwingine asizifungue. Ni kweli kwamba sumu yenyewe, tofauti na mbegu za kijidudu, huharibiwa na kuchemshwa: dakika kumi usawa wa bahari, na dakika moja zaidi kwa kila mita 300, yaani dakika 14 kwetu. Lakini kanuni hiyo ni kinga ya ziada kwa chakula kilichohifadhiwa kwa njia sahihi. Haihalalishi chupa ambayo tangu mwanzo haikupaswa kuwapo. Azifunge ndani ya mfuko na kuzifukia mahali ambapo mbwa na kuku hawafiki, anawe mikono. Sombe yake ya baadaye aitwange, aipike kabisa, na kama ana umeme wa uhakika aigandishe.

Mama wa Katuba ameandika:

Muuguzi, nimepokea marekebisho ya limau, na nimekwisha kutuma mtu dukani. Maji ya malimau ya uani yatabaki kwa konfitiri na kwa achari ya maembe mabichi.

Papa wa Kamalondo ameniuliza pembeni habari za vifuniko, naona nijibu hapa. Chupa za mayonezi ni nzuri, lakini mpira ulio ndani ya kifuniko huchoka. Nikimaliza kuchemsha ninayaacha mabokali juu ya meza usiku kucha bila kuyagusa, na asubuhi ninabonyeza katikati ya kila kifuniko. Kilichozama na kisichorudi kinapata karatasi yenye mwezi na mwaka. Kinachotoa sauti ya "tik" chini ya kidole hakikushika, na bokali hilo linakwenda kwenye friji na kuliwa wiki hiyohiyo. Mwaka jana kati ya mabokali 31 matano yalinilia "tik", na yote matano yalikuwa na vifuniko vilivyotumika mara ya tatu.

Na wewe, Mwokaji, umenishinda. Nilikuwa nimeandika kwa uhakika mkubwa kwamba jua na embe havikutani, nikasahau kwamba joto si jua peke yake. Mwembe wangu wa upande wa barabara hukomaa kwanza, kwa hiyo mwanzoni mwa Desemba nitakuwa na beseni mbili za kukata. Nitakuja na trei zangu na makala ya kulipia sehemu yangu. Ninaomba tu iwe usiku ambao hamkuoka mikate ya vitunguu, kwa sababu embe linalokauka hunyonya kila harufu iliyo jirani nalo.

Mwokaji wa Ruashi ameandika:

Karibu, Mama. Vitunguu tunaoka Ijumaa. Njoo Jumanne.